Kipe Kazi Moja: Maneno kwa Wanafunzi wa Elektroniki, Kisumu

Haya ni maandishi ya hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa ufundi wa elektroniki hapa Kisumu. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, lakini mengi nimeyaacha kama nilivyoyasema.

Walimu wetu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana ambao ndio wenye shughuli ya leo, hamjambo? Nashukuru kwa kunikaribisha.

Juu ya meza hii pana sanduku, na ndani yake mna kompyuta za mkononi za zamani, zile ambazo sisi tuliozitumia tulikuwa tukiziita PDA. Kuna Palm za aina kadhaa, kuna iPAQ, na kuna Psion moja yenye kibodi inayofunguka kama pochi. Wengi wenu mlikuwa bado watoto wadogo vifaa hivi vilipoanza kuwekwa kabatini, kwa hiyo hamna deni navyo. Hilo linanifurahisha, maana mtavitazama bila ile huzuni ya watu wa rika langu.

Nina jambo moja la kuwaambia, na nitalisema sasa hivi ili hata anayewahi matatu ya kwenda Ahero aondoke nalo. Kifaa kilichopitwa na wakati hupata uhai mpya kinapopewa kazi moja, ya mtu anayejulikana, mahali panapojulikana. Ukikitafutia kazi kumi, kitakufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwako.

Tuanze na kilikotoka. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ilitoa Newton, kompyuta ya mkononi iliyoahidi kusoma mwandiko wa mtu. Ilikuwa kubwa, ilikuwa ghali, na kufikia Februari 1998 Apple walikuwa wameachana nayo. Katikati ya hapo, Machi 1996, ikatoka Pilot ya kampuni ya Palm. Ile ya bei ya chini, Pilot 1000, ilikuwa na memori ya kilobaiti 128. Prosesa yake ya Motorola ilikwenda megahezi 16. Skrini ilikuwa nukta 160 kwa 160, nyeusi juu ya kijivu-kijani, na stima yake ilitoka kwenye betri mbili ndogo za AAA, hizi hizi mnazotia kwenye rimoti ya televisheni. Picha moja mnayotumiana leo kwa WhatsApp isingeenea ndani ya memori ile.

Lakini ilipendwa, na sababu yake ni mtu aliyeibuni, Jeff Hawkins. Kabla ya kuunda saketi yoyote, Hawkins alichonga kipande cha mbao kinachotosha mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Mtu akimwuliza kama ana nafasi siku fulani, anakitoa kile kibao, anakigonga kama anayetafuta tarehe, kisha anajibu. Watu walimshangaa. Yeye alikuwa anajifunza ni mara ngapi kwa siku mtu huhitaji kifaa cha namna ile, kwa kazi gani, na kazi hiyo ichukue sekunde ngapi. Akayapata manne: kalenda, anwani, mambo ya kufanya na maandishi mafupi. Hayo ndiyo yaliyopewa vitufe vyake mbele ya kifaa.

Kile kibao ndicho ninachotaka mkiige leo. Msianze na saketi. Anzeni na mtu na siku yake.

Huku kwetu magharibi, PDA hazikuja kwa wafanyabiashara wenye tai. Zilikuja kwa njia ya afya. Kule Eldoret, mpango wa AMPATH, unaowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa pamoja na vyuo vikuu vya Marekani vikiongozwa na Indiana, uliwapa wahudumu PDA wakapita nazo nyumba kwa nyumba kuwapima watu HIV na kuandika majibu papo hapo. Baadaye wakahamia simu za Android. Programu ya EpiSurveyor, iliyotengenezwa kwa ajili ya Palm ili watu wa afya waweze kuunda fomu zao wenyewe bila kumwita mwandishi wa programu, ilijaribiwa hapa Kenya. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba teknolojia hizi zilikuwa za wenzetu tu, mwambieni kwamba kwenye vijiji vya magharibi mwa Kenya zilishika kazi nzito kuliko kupanga mikutano ya mabosi.

Mimi mwenyewe nilizifahamu huko huko, katika tafiti za nyumba kwa nyumba, Siaya na vijiji vya Kisumu. Tulikuwa tumezoea fomu za karatasi. Ukinyeshewa, wino unatambaa. Ukisahau kuruka swali, mama asiye na mtoto unamwuliza mtoto ananyonya au la. PDA iliruka swali yenyewe. Ikakataa mtu awe na umri wa miaka 250. Jioni tulikusanyika chini ya mwembe, kila mmoja akaielekeza PDA yake kwenye ya msimamizi, kichwa kwa kichwa, na kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho majibu ya siku nzima yakahama. Hakuna laini, hakuna bando, hakuna mlingoti wa mtandao. Niliona wazee wakisogeza viti ili watazame.

Kisha simu zikaja zikiwa na kila kitu ndani. Mwaka 2010 kampuni ya HP iliinunua Palm kwa dola bilioni 1.2, na Agosti 2011 ikatangaza kwamba haitengenezi tena vifaa vyake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila mtu akakimbilia kipya, nami nikakimbia nao, na sioni ubaya. Simu ya leo ni kifaa bora kwa karibu kila jambo.

Nimesema karibu. Hebu tuangalie hapo palipobaki.

Kwanza, skrini. Skrini za Palm za mwanzo hazitoi mwanga wao, zinarudisha mwanga wa nje. Jua la saa saba likiwaka pale Dunga, simu yako unaifunika kwa kiganja ndiyo uone namba. Palm ya nukta 160 inazidi kusomeka jua linavyozidi. Pili, inawaka mara moja unapobonyeza, hakuna kungoja. Tatu, betri zake unazipata kiosk chochote, hata Usenge. Nne, haina mtandao. Haikuletei ujumbe wa mkopo, haikuletei tangazo la kamari, hakuna anayeweza kukupigia ukiwa katikati ya hesabu. Na tano, ambalo nyinyi watu wa elektroniki ndilo litakalowafaa kuliko yote: ina mlango wa siriali. Inaweza kuzungumza kwa waya na mashine nyingine kwa lugha rahisi, herufi baada ya herufi, na lugha hiyo haijabadilika.

Nitawaeleza kazi mbili kwa kirefu, nyingine nitazipitia upesi.

Ya kwanza ni ya mama mmoja anayeuza omena kwa jumla. Sitamtaja jina, ni mteja wangu. Wachuuzi wanachukua kwake alfajiri, wengine wanalipa, wengine wanachukua kwa deni hadi jioni au hadi Jumamosi. Hesabu alikuwa akiziweka kwenye daftari, na daftari la muuza samaki mnajua linavyokuwa baada ya mwezi. Binti yake alitaka amhamishie kwenye simu. Mama akakataa, na sababu zake zilikuwa za mtu mwenye akili: simu ndiyo ya M-Pesa, ndiyo inayopigwa asubuhi yote, ndiyo watoto wanaichezea jioni, na ikiibwa sokoni hesabu zote zimekwenda nayo. Alitaka kitu ambacho hakuna mwizi atakitamani.

Tukampa Psion Series 5. Ni ya Uingereza, ya mwaka 1997, ina kibodi ambayo vidole vya mtu mzima vinaenea, na inatumia betri mbili za AA. Ndani yake mna programu ya majedwali tayari. Tulikaa naye kwanza bila kifaa, tukachora mistari kwenye karatasi. Akataka safu tano tu: tarehe, jina, gorogoro ngapi (lile kopo la kupimia), amelipa ngapi, anadaiwa ngapi. Binti akapendekeza safu ya bei ya gorogoro, kwa kuwa bei hupanda na kushuka kwa mwezi. Wavuvi wa omena huwavuta kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti vizuri. Mama akasema bei anaijua kichwani, asiongezewe la kuandika. Tukamsikiliza. Safu ya mwisho inajijumlisha yenyewe, na juu kabisa ya ukurasa kuna namba moja kubwa, jumla ya madeni yote. Akifungua tu, namba hiyo ndiyo inayomsalimu.

Sasa upande wa ufundi. Psion hii ina betri ya kifungo ya CR2032 inayolinda memori wakati betri kubwa zinabadilishwa. Ikiwa imekwisha, ukitoa betri kubwa unapoteza kila kitu, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kubadilisha kwanza, na uibadilishe betri kubwa zikiwa ndani. Ina nafasi ya kadi ya CompactFlash, na kila Jumapili binti hunakili faili kwenye kadi. Udhaifu wake unajulikana dunia nzima: utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba ya skrini hupasuka kwa kufunguliwa na kufungwa. Ukiona mistari kwenye skrini inayokuja na kuondoka unapoikunja, ni utepe huo. Basi tumemwomba aifungue asubuhi na kuifunga jioni, asiifungue-fungue kila mteja anapopita. Na ndani ya Psion mna lugha ya OPL, mtu anaweza kuandika programu kwenye kifaa chenyewe bila kompyuta nyingine. Binti ameshaanza kuichezea. Nasubiri kwa hamu nione atafika wapi.

Kazi ya pili ni ya mvua, na hii ningependa darasa lenu liichukue.

Mnajua uwanda wa Kano. Maji yanayowafurikia watu wa huko mengi hayanyeshi huko. Yananyesha juu, upande wa milima ya Nandi, yanateremka na mto Nyando hadi yanakuta tambarare. Mvua ya kijiji kimoja si mvua ya kijiji cha pili. Shule iliyo mtoni na shule iliyo kilimani zinaweza kupata siku mbili tofauti kabisa. Kila shule ingekuwa na kipimo chake na kumbukumbu zake za miaka, walimu wa jiografia wangekuwa na kitu cha kufundishia, na wazee wangekuwa na kitu cha kubishania chenye namba.

Kipimo chenyewe mnaweza kukitengeneza. Chukueni faneli yenye mdomo wa sentimita 20. Eneo lake ni sentimita za mraba 314, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua inaingiza mililita 31.4. Chini ya faneli wekeni kijiko cha pande mbili kinachobembea: upande mmoja ukijaa, unapinduka, unamwaga, na upande wa pili unaanza kupokea. Tumieni bomba la sindano la duka la dawa kuupima, urekebisheni hadi upinduke kwa mililita 5. Basi kila mpinduko ni karibu milimita 0.16 ya mvua. Gundisheni sumaku ndogo kwenye kijiko, na pembeni swichi ya sumaku inayofunga saketi sumaku inapopita. Hapo mpinduko umekuwa mdundo wa umeme.

Wengi hapa wangetaka Palm ihesabu midundo hiyo moja kwa moja. Haifai. Palm hujizima baada ya dakika chache ili kulinda betri, na ukiilazimisha ikae macho, AAA mbili hazitakupeleka mbali. Kuhesabu mwachieni Arduino, ile bodi ndogo ya elektroniki unayoiandikia programu, akae juu ya nguzo na paneli ndogo ya sola na kisaa cha DS3231. Arduino Uno ina memori ya kudumu ya baiti 1,024 ambayo haipotei umeme ukikatika. Ukitumia baiti 2 kwa siku, unaweka mvua ya siku 512, zaidi ya mwaka mzima, bila kadi wala mtandao.

Palm ndiyo inayokwenda kuyachukua. Mwanafunzi wa zamu anatoka nayo Ijumaa mchana, anachomeka waya chini ya nguzo, anaandika herufi moja, Arduino anamtapikia orodha ya siku zote. Anaisoma pale pale, juani, anajua leo wiki hii imekuwaje kabla hajarudi darasani. Ndiyo maana nasema Palm na si kompyuta ndogo ya shule: haivunji mkono, haihitaji kivuli, na mtoto wa darasa la saba anaitia mfukoni.

Hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vifaa huungua. Kitako cha Palm za mwanzo, yaani kile kiti chenye waya ambacho kifaa huchomekwa ili kiongee na kompyuta, kwa zile za mfululizo wa Pilot na Palm III, kinazungumza kwa volti za RS-232, utaratibu wa zamani wa mlango wa siriali, ambazo hupanda juu ya sifuri na kushuka chini ya sifuri. Arduino inazungumza kwa volti 0 na 5 tu. Msiziunganishe waya kwa waya. Katikati wekeni chipu ya MAX232, inayogeuza volti za upande mmoja ziwe za upande wa pili, na kapasita zake nne za maikrofaradi 1, zikitazama upande sahihi, kwa sababu zina chanya na hasi. Waya wa kutuma wa huku uende kwenye wa kupokea wa kule, na nyaya za ardhi ziungane. Anzeni kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Mkiona herufi za ajabu ajabu, kasi hazilingani. Msipoona kitu kabisa, mmepishanisha nyaya vibaya. Chipu hiyo mnaweza kuipata kwenye baadhi ya bodi za modemu za zamani, na kuing'oa bila kuichoma ni zoezi zuri la mkono kuliko mengi ya vitabuni.

Nyingine nitazitaja tu. Kusoma vitabu: ndiyo, na kwa moyo wote. Palm yenye megabaiti 8 inabeba riwaya kumi na zaidi za maandishi matupu, na mtoto wa bweni anayesoma haishii kwenye video. Programu nyingi za Palm zimehifadhiwa na maktaba ya Internet Archive, na kwenye kompyuta yenye Linux kifurushi cha pilot-link kinaweza kuzipeleka kwenye kifaa. Roboti: watafiti wa Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, waliunda roboti ya magurudumu matatu yanayokwenda upande wowote, yenye vihisi vitatu vya umbali, na ubongo wake ulikuwa Palm iliyokaa juu. Tunaweza kuijenga hapa kwa mota za kuchezea. Rimoti ya televisheni: inawezekana, ila taa ya infraredi ya Palm imetengenezwa kwa umbali wa kama mita moja, utasimama karibu na televisheni hadi uone ni afadhali ubonyeze mwenyewe. Muziki: hapana. Na ile iPAQ ya mwaka 2000, yenye prosesa ya megahezi 206 na memori ya megabaiti 32, betri yake ikiisha inasahau kila ulichoweka, kwa hiyo ipeni kazi ya ukutani yenye stima ya kudumu, kama kengele ya shule, au msiipe kazi.

Kuna mtu ameniandikia kabla ya leo akipendekeza tuzigawe Palm kwa wazee wanaomeza dawa za kila siku, ziwalilie saa ikifika. Wazo ni la huruma, nami niliketi nalo. Lakini mzee ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Kabambe ina alamu, anaijua, inachajiwa, na mjukuu anajua kuirekebisha. Kumwongezea kifaa cha pili ni kumwongezea mzigo. Mahali ambapo simu ya bei nafuu inafanya vizuri zaidi, tuiache ifanye.

Sasa mambo mawili ambayo hayana mjadala.

Betri. Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ulisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sehemu ya iliyobaki tunaipitia kila siku kando ya barabara. PDA nyingi za baada ya 2000 zina betri ya lithiamu ndani. Ikiwa imevimba, usiitoboe, usiipashe moto, usiichaji ujaribu bahati. Itoe polepole kwa kipande cha plastiki, iweke kwenye mchanga mkavu, uikabidhi kwa mwalimu. Hakuna betri itakayotoka kwenye warsha hii ikaishia kwenye jalala la Nyalenda au kwenye mtaro unaoteremka ziwani. Maji hayo tunayanywa.

Na siri za watu. Baadhi ya vifaa hivi vilipita mikononi mwa wakusanyaji wa takwimu. Vinaweza bado kuwa na majina, vijiji, na majibu ya vipimo ambavyo mtu alimwambia mhudumu mlango ukiwa umefungwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, mimi nilikaa kwenye viti vya watu hao nikawaahidi kwamba hakuna mwingine atakayejua. Kwa hiyo mkiwasha kifaa mkakuta orodha ya watu, msiisome. Futeni. Kwenye Palm, shikilia kitufe cha kuwasha, choma kitundu cha nyuma kwa ncha ya klipu ya karatasi, achia klipu, subiri nembo itokee, achia kitufe, kisha itakapouliza bonyeza kitufe cha kupanda juu. Kila kitu kinaondoka. Kama kuna kadi ndani, kadi haifutiki kwa njia hiyo. Itoeni muifute peke yake. Hiyo ndiyo iwe hatua ya kwanza kwa kila kifaa kilicho sandukuni, kabla hata ya kukisafisha.

Jambo dogo la kalenda. Palm za zamani huhesabu miaka kuanzia 1904 na kalenda yao inakoma mwisho wa 2031. Mkiwapa watu kazi inayotegemea tarehe, waambieni mapema, na muandike mwaka huo kwa kalamu isiyofutika mgongoni mwa kifaa. Kwa kazi ya mvua haidhuru, tarehe inatoka kwa Arduino.

Baada ya hapo niliulizwa maswali, na moja naliweka hapa kwa sababu linafaa wengi. Binti wa safu ya nyuma aliuliza: akiona moja sokoni Kibuye, kwenye turubai la vyuma chakavu, ajuaje kama inafaa kununuliwa?

Nilimjibu hivi. Fungua kwanza nyumba ya betri. Ukiona unga mweupe au kijani kwenye vyuma vya betri, usikate tamaa; siki na mswaki mkuukuu huondoa, mradi vyuma havijaliwa vikakatika. Nenda sokoni na AAA mbili mpya mfukoni, uiwashe hapo hapo. Ikiwaka itakuomba uguse alama kwenye pembe za skrini. Ikikataa alama moja mara kwa mara, kioo cha kugusa kimechoka, iache. Itikise: kitu kinachocheza ndani ni skrubu iliyotoka au kioo kilichoachia. Halafu muulize mwenye turubai kuhusu kitako chake na waya. Wauzaji wengi huvitupa kwenye rundo jingine kwa kuwa hawajui ni vya nini. Palm isiyo na kitako utaisomea tu ulichokikuta ndani, hutaiwekea kipya ila kwa infraredi, na kompyuta yenye infraredi siku hizi ni kazi kuipata. Kwa hiyo chimba lile rundo, hata ukichelewa. Ukikipata kitako chenye plagi ya tundu tisa, ndicho cha RS-232 tulichokizungumzia. Chenye plagi bapa ya USB ni cha Palm za baadaye, hakitaongea na MAX232 yako. Patana bei ya vyote viwili pamoja, na kabla hujalipa, chomeka kifaa kwenye kitako uone kama pini zinakutana.